Katalogi ya maktaba inasema "hakuna matokeo", makala nazo zinadai dola. Nifanyeje?

Mwana_Luweero
Habari zenu wakubwa na wenzangu. Niko mwaka wa tatu, shahada ya kilimo, chuo kimoja hapa Uganda (jina naliacha). Utafiti wangu ni juu ya wakulima wa Luweero: kwa nini wengine wanafuata njia za kuzuia mnyauko wa migomba, ule tunaouita kiwotoka, na wengine hawataki kusikia. Msimamizi amenirudishia pendekezo langu, na kwenye ukurasa wa marejeo ameandika maneno mawili tu kwa wino mwekundu: "Tumia maktaba."

Nimeingia kwenye katalogi ya mtandaoni, nikaandika "effects of banana bacterial wilt control on farmers in Luweero district". Hakuna matokeo. Nikaandika "banana" peke yake, nikaletewa vitabu vya lishe na kimoja cha biashara ya ndizi Amerika ya Kati. Google Scholar nimeona makala zinazonifaa kabisa, ila nikibofya nikiwa hosteli naambiwa nilipe dola 30 na zaidi kwa makala moja. Hiyo si pesa ya mwanafunzi.

Mwenye kujua anielekeze pole pole. Na tafadhali msiniambie "muulize mkutubi" bila kunieleza nimuulize nini.

KijanaWaNtinda
Kaka unajitesa bure. Ipe AI mada yako, ikuletee marejeo ishirini, yapange kwa alfabeti, peleka. Imeisha hiyo.

Dada_Mbarara
@KijanaWaNtinda usimpoteze mwenzako. Darasani kwetu kuna mtu alipeleka orodha ya namna hiyo. Msimamizi akachukua kichwa cha makala ya kwanza, akakitafuta, hakipo duniani. Ya pili, jarida lipo, toleo lipo, hata kurasa zipo, ila kilichoandikwa pale ni habari za mihogo na mwandishi ni mwingine. Hakufika ya tatu.

Mkutubi_Mstaafu
Kijana wangu wa Luweero, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana umeeleza ulichoandika na ulichojibiwa. Wengi huja dirishani na kusema "mtandao wenu haufanyi kazi", wakaondoka.

Kwanza, katalogi na hifadhidata ni vitu viwili. Katalogi ni daftari la duka: linakuonyesha magunia yaliyopo na yamewekwa wapi, halihesabu punje za ndani. Utakuta humo vitabu, tasnifu, na majina ya majarida. Makala iliyo ndani ya jarida huikuti kwenye katalogi hata ukeshe. Makala zinakaa kwenye hifadhidata kama EBSCOhost, Emerald, Wiley, JSTOR na nyinginezo, na viungo vyake viko kwenye ukurasa wa maktaba, mara nyingi chini ya maandishi "e-resources".

Pili, ile sentensi yako ndefu. Katalogi nyingi, pamoja na zile za programu ya Koha inayotumiwa na vyuo vingi hapa kwetu, hutafuta rekodi yenye maneno YOTE uliyoandika. Nani ameandika kitabu chenye "effects", "control", "farmers" na "Luweero" kwa pamoja? Andika maneno mawili, "banana diseases". Ukipata hata kitabu kimoja kinachokaribia, usikimbilie rafu. Fungua rekodi yake, shuka chini palipoandikwa mada. Utaona kitu kama "Bananas -- Diseases and pests". Bofya hapo. Mashine itakuletea kila kitabu ambacho mkutubi alikipa mada hiyo, hata kama kichwa chake hakina neno "banana". Wanafunzi hawagusi kiungo hicho, na ndicho sisi tulichokuwa tukikihangaikia mchana kutwa.

Namba ya rafu nayo iandike. Maktaba inayopanga vitabu kwa namba za Dewey huweka ndizi 634.772, inayotumia mfumo wa Library of Congress huweka SB379. Ukifika hapo tazama na majirani wa kushoto na kulia.

Makala nitazirudia jioni. Umeme umekatika na simu yangu inakaribia kuzima.

Omondi_wa_Busia
Mzee akiwa gizani ngoja niongeze. Hizo dola 30 zinatokea kwa sababu uko hosteli. Mchapishaji anakitambua chuo chako kwa anwani ya mtandao ya kampasi. Ukitoka nje ya geti wewe ni mtu baki, analeta bili. Kuna vyuo vina njia ya kuingilia kutoka nje, kwa mfano Makerere wanatumia MyLOFT, unajisajili kwa barua pepe ya chuo na kusoma ukiwa popote. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkutubi ni hili: "Tuna njia gani ya kuingia kwenye hifadhidata mtu akiwa nje ya kampasi?" Asipokuwa na jibu, nenda kampasini, pakua PDF zako zote kwenye flash, uzisome hosteli bila kula bando.

Mkutubi_Mstaafu
Nimerudi. Ahsante Omondi.

Kwa mtu wa kilimo, swali la pili la kumuuliza mkutubi ni AGORA. Ni mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa kuvipa vyuo vya nchi maskini majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Ulianza 2003, sasa uko chini ya Research4Life, mwavuli wa mipango ya namna hiyo. Uganda iko katika kundi la nchi ambazo vyuo vyake havilipi chochote. Ila anayesajiliwa ni chuo, siyo mtu mmoja mmoja, na neno la siri analo mkutubi. Ukishalipata, ingia kwa mlango wa Research4Life kwanza, ndipo ufungue jarida kutokea humo. Ukipitia Google moja kwa moja, mchapishaji hakujui na utaombwa dola zile zile.

Sasa maneno ya kutafutia. Kiwotoka kina majina mengi mno. Bakteria wake walielezwa kwanza Ethiopia, 1968, kwenye ensete, mmea wa jamii ya migomba. Hapa kwetu ugonjwa uligunduliwa 2001, upande wa Mukono. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaita bakteria hao Xanthomonas campestris pv. musacearum, kisha wakawahamishia kwenye Xanthomonas vasicola. Ukitafuta jina moja unapoteza nusu ya kazi. Andika hivi, mabano na alama za kunukuu kama zilivyo:

("banana xanthomonas wilt" OR "banana bacterial wilt" OR BXW OR musacearum) AND Uganda AND farm*

OR inakusanya majina ya kitu kimoja, AND inabana. Kinyota kinaleta farm, farmer, farmers, farming. Alama za kunukuu zinashika maneno yasitengane. Angalizo moja: kinyota hicho Google Scholar haikijali.

Zikija nyingi mno, ongeza njia yenyewe ya kuzuia ugonjwa. Wakulima hutoa ua dume kwa uma wa mti ili wadudu wasipeleke ugonjwa, na husafisha panga kwa moto au jiki. Ua dume wataalamu huandika "male bud removal", wengine "debudding", wengine "de-budding". Weka zote na OR katikati.

Nesi_Arua
Samahani naingilia uzi wa watu. Mimi nasoma uuguzi, hiyo AGORA inanihusu?

Dada_Mbarara
Wewe dada nenda Hinari, hiyo ni ya WHO. Iko kwenye Research4Life pia, mlango ni mmoja.

@Mwana_Luweero usisahau vya bure kabisa, visivyohitaji neno la siri. African Crop Science Journal inatoka hapa hapa Uganda tangu 1993, unaipata kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na nakuhakikishia wanaoandika kuhusu kiwotoka wamejaa humo. Tasnifu za Makerere ziko kwenye hazina yao ya mtandaoni, Mak IR. Ripoti za IITA na Bioversity, mashirika ya utafiti wa kilimo, ziko kwenye hazina ya mtandaoni ya CGSpace. Mimi ningeanza na tasnifu: mtu aliyetafiti wilaya ya jirani ameshakukusanyia marejeo kurasa nane. Usiyanakili, yafuate moja moja.

Mwana_Luweero
Wazee na dada zangu, Mungu awabariki. Nimepitia Mak IR na AJOL kwa simu tu, nimepata tasnifu mbili na makala ambazo sikuwahi kuziona. Katalogi nayo imenipa vitabu vitatu kwa kile kiungo cha mada, kimoja kimeazimwa. Nimebakiwa na jambo moja: msimamizi anataka marejeo ya miaka kumi ya karibuni tu, na makala nyingi nilizopata ni za 2003 hadi 2010.

Omondi_wa_Busia
Hiyo ni kawaida, ugonjwa ulipoingia ndipo watu waliandika sana. Chukua makala ya zamani iliyo nzuri, itafute Google Scholar, chini yake bofya "Cited by". Utaona wote walioitumia baadaye, na pembeni unachagua mwaka. Za zamani bakiza chache kwa historia ya ugonjwa. Msimamizi mwenye akili hatakataa hizo.

KijanaWaNtinda
Sawa, mmenishinda. Hiyo Cited by sikuijua.

Nesi_Arua
Nimeuliza chuoni kwetu kuhusu Hinari. Nimeambiwa neno la siri ni la wahadhiri, wanafunzi hawapewi.

Mkutubi_Mstaafu
Si kweli, binti yangu. Chuo kikishasajiliwa, wanafunzi wake wanaruhusiwa kama wahadhiri. Kilichokatazwa ni kusambaza neno la siri nje ya chuo, kwa mfano kulibandika mtandaoni, na wenzangu wengi huogopa hilo kwa sababu limewahi kutokea. Usigombane na mkutubi wenu. Mwombe aingie yeye mwenyewe kwenye kompyuta ya maktaba, wewe ukae utafute. Nenda asubuhi, kabla foleni ya kurudisha vitabu haijaanza.