Riyadh 2030: tupeleke banda, au pesa zibaki nyumbani?

Karani Mstaafu, Tudor

Assalaam aleikum nyote. Nawaletea hoja iliyotaka kututoa ngeu juzi kwenye baraza ya kahawa. Nimeona bora tuijadili kwa maandishi, angalau hapa hakuna wa kumwagiwa kikombe.

Maonyesho makubwa ya dunia yajayo, haya yanayoitwa Expo, yatakuwa Riyadh kuanzia Oktoba 2030 hadi Machi 2031. Mtaani kwangu, nyumba isiyo na mtu Saudia ni ya kutafuta, kwa hiyo najua kelele zitaanza mapema: Kenya ijenge banda kubwa, iajiri wapambaji, ipeleke ujumbe mzito. Mimi nasema isipeleke. Au ikipeleka, iwe kitu kidogo sana.

Tazameni Expo zilizopita, nani alibakiwa na nini. London mwaka 1851 watu waliingia mara milioni 6 kwenye lile jumba la vioo, na ziada iliyopatikana, zaidi ya pauni 180,000, ikanunua ardhi ya South Kensington ambako leo yapo makumbusho ambayo mtu huyazunguka kutwa asiyamalize. Paris 1889 ilibakiwa na mnara wa Eiffel. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu kisha ung'olewe, ukaokolewa na mitambo ya redio. Brussels wana jengo lao la Atomium la 1958, Seattle wana mnara wa 1962. Dubai ilipofunga milango Machi 2022, majumba hayakuachwa yaote kutu. Mwaka 2023 mkutano wa tabianchi wa COP28 ulifanyika palepale.

Wote hao ni wenyeji. Mgeni je? Mgeni hupamba banda kwa miezi sita, halafu hufungasha akarudi na picha. Mimi nimeshika daftari za forodha maisha yangu yote, kwa hiyo naomba hesabu: nitajieni kitu kimoja kilichopo Mombasa kwa sababu tulikuwa na banda Dubai. Kimoja tu. Mkikikosa, hizo pesa zije Mkomani kwenye shoo yetu ya kilimo, ambako mtoto wa Kisauni anafika kwa matatu.

Kijana wa Likoni

Shikamoo mzee wetu. Kitu kimoja? Nyumba ya vyumba viwili Mtwapa, ina choo cha ndani na tangi la maji. Anakaa mamangu. Nilikuwa bawabu Dubai msimu ule wa Expo.

Sisemi ilikuwa asali. Ajenti aliyenipeleka alikula pesa zangu hapahapa, na mshahara niliokuta kule haukuwa ule wa kwenye karatasi. Hata kabla milango haijafunguliwa, Bunge la Ulaya lilizitaka nchi wanachama zisusie, na ilipofunguliwa waandaaji wenyewe wakakiri vifo vya wafanyakazi watatu kwenye ujenzi. Huo upande naujua kuliko wengi wenu.

Lakini niwaambie nilichokiona mlangoni. Kulikuwa na kijitabu cha manjano, mfano wa paspoti, na kila banda lina muhuri wake. Mtu amelipa dirham 95 za tikiti ya siku, amesimama foleni juani, akifika kwangu swali la kwanza: muhuri uko wapi? Anagongewa, anageuka, anakimbilia kwa jirani. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na vijitabu vya wanawe wote, kavifunga kwa mpira. Alikuwa anavitandaza mezani kama karata, na binti wa muhuri anagonga bila kuinua macho. Hao ndio wanahesabiwa mgeni mmoja mmoja kwenye zile milioni 24 zilizotangazwa. Kwa hiyo mtu akinijia na idadi ya wageni nacheka.

Pamoja na hayo, kwenye banda la Oman nilikaa, tena siku yangu ya mapumziko. Walilijenga lote juu ya habari moja: mti wa ubani. Hawakutuletea sera, wala historia ya mawaziri, wala kila zao linalolimwa. Ubani tu, toka mtini hadi unapofukizwa. Nilitoka nimekumbuka chetezo cha bibi. Sasa mzee, tatizo ni kwenda, au ni kwenda huku hatujui tunataka kusema nini?

Mwalimu, Kizingo

Kwa kuwa umri wangu umewapita wote hapa, niacheni nifungue sanduku. Nilikuwa mwanafunzi Canada mwaka 1967, nikaenda Expo ya Montreal. Kijana wangu, vijitabu vya mihuri havikuanza Dubai. Sisi tulivigongesha Montreal, na changu ninacho, mchwa wamekula pembe moja.

Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa pamoja na nchi nyingine za Afrika mahali palipoitwa Africa Place. Hakukuwa na makuu. Uhuru wetu ulikuwa na miaka mitatu na ushei. Chuoni nilikuwa naulizwa kama Kenya ni mji wa Afrika Kusini, na nilikuwa nimechoka kujibu. Siku ile nilimshika mkono mwenzangu wa chumba nikampeleka mpaka mbele ya bendera, nikanyamaza. Karani, hilo utaliandika kwenye safu gani ya daftari lako?

Tena majengo unayoyasifu hayakudumu yote kama unavyodhani. Lile tufe kubwa lililokuwa banda la Wamarekani pale Montreal liliungua ngozi yake ya plastiki mwaka 1976, ikabaki mifupa ya chuma. Leo ni makumbusho ya mazingira. Nyumba za Habitat 67 ndizo zinazokaliwa na watu mpaka sasa.

Binti wa Kuze

Babu Mwalimu, bendera nimeielewa. Ila kabla ya 1967 kuna 1958, na kabla yake kuna 1897, na nashangaa mnaongea urithi mkianzia kwenye minara.

Mwaka 1897, wakati wa maonyesho ya Brussels, Wakongo 267 waliletwa wakawekwa kwenye vijiji vya bandia pale Tervuren ili Wabelgiji wapite kuwatazama. Saba walikufa kwa baridi na maradhi, na makaburi yao yako kanisani hapohapo. Paris 1889, ya mnara mnaoupenda, nayo ilikuwa na kijiji cha watu weusi wa kutazamwa. Mkadhani mambo yaliisha? Hata 1958, chini ya hiyo Atomium, Wakongo waliwekwa tena uani wakirushiwa ndizi na karanga, mpaka wakakataa wakaondoka. Miaka miwili baadaye nchi yao ikapata uhuru.

Mimi sisemi tusiende. Nasema tukienda, ngoma ya mlangoni iondoke kwanza. Kila nikiona picha za mabanda ya Afrika kuna vijana wamevaa nyasi wanaruka ili mgeni apige picha. Tunalipia wenyewe kile ambacho zamani walikuwa wanatufanyia kwa nguvu.

Baharia, Mji wa Kale

Dadangu umesema. Mimi Expo niliyoiona ni Lisbon 1998, meli yetu ikishusha shehena. Mada ilikuwa bahari, na walikuwa wanaadhimisha miaka 500 ya safari ya Vasco da Gama. Jina lake kila ukuta! Daraja jipya la kilomita 17 limeitwa kwa jina lake, mnara jina lake. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, niliyelelewa kwenye kivuli cha Fort Jesus, nasimama pale natazama. Huyu bwana alipofika kwetu Aprili 1498 tulimtilia shaka, akaenda zake Malindi akapewa rubani. Mwaka 1505 Wareno wenzake wakaja na jemadari wao Almeida wakautia mji moto. Kwa hiyo sikwenda na moyo mweupe.

Lakini haki isemwe. Mahali pale palikuwa pa kinyaa: kiwanda cha mafuta, machinjio, taka. Miaka mingi baadaye nilipopita tena, nikakuta mtaa mzima wa watu. Stesheni ya treni inafanya kazi, lile jumba la samaki lina foleni, watoto wanaendesha baiskeli kando ya mto. Sidhani serikali yoyote ingesafisha pale kwa hiari yake. Expo iliwapa tarehe, na tarehe ya Expo haingoji mtu. Ndiyo maana mimi nauliza swali lingine kabisa: Afrika iombe lini kuandaa? Tangier ya Morocco waliomba ya 2012, wakashindwa na Yeosu ya Korea Kusini. Mpaka leo bara zima halijawahi kupewa.

Wa Changamwe

Tarehe haingoji mtu? Ya Dubai ilikuwa ya 2020 ikafanyika 2021, ndugu yangu, jina wakaliacha vilevile kwa sababu fulana zilishachapishwa. Na Hannover 2000 walitazamia watu milioni 40 wakaja kama milioni 18. Wajerumani hao, watu wa mipango. Sisi tuandae tufilisike.

Karani Mstaafu, Tudor

Changamwe umenitangulia. New Orleans 1984 hata hawakungoja kumaliza, walitangaza kufilisika maonyesho yakiendelea.

Baharia, habari ya tarehe naikubali nusu. Lakini Kibarani palikuwa jaa la taka, moshi wake ulimlaki kila anayeingia kisiwani, na sasa pamefunikwa udongo na miti imepandwa. Hakuna aliyetuletea Expo. Kumbe tukitaka tunaweza. Na ukitafuta pambo la muda lililogeuka nembo, huna haja ya Paris, nenda Moi Avenue. Zile pembe kubwa za ndovu za bandia ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za kifalme, wageni wakapita, zikabaki, leo hakuna mtalii anayeondoka bila kupigwa picha chini yake. Zilimtukuza aliyekuwa anatutawala, Binti wa Kuze atanikumbusha, lakini zilisimamishwa hapa, na anayeuza madafu chini yake ni mtu wa hapa. Hiyo ndiyo hoja yangu yote: kitu kikijengwa kwako, hata kwa nia mbaya, kinaweza kukufaa.

Kijana, nyumba ya mama Mungu aibariki. Lakini mshahara wako ulitoka kwenye lango la mwenyeji, si kwenye banda letu. Kenya ingekosekana Dubai kabisa, wewe bado ungeajiriwa.

Mwalimu, bendera sina safu yake. 1967 ilikuwa lazima. Leo anayetaka kujua Kenya iko wapi ana simu mfukoni.

Mama Leso, Biashara Street

Nyinyi wanaume mmezunguka dunia nzima hakuna aliyetaja bei.

Mimi Dubai naenda kununua mali, na msimu ule niliingia Expo na wenzangu wa biashara. Mabanda ya nchi nyingine za Afrika nimeyapitia. Kwenye moja nikaona kitambaa kimetundikwa, kizuri mashallah, upana wake na uzito wake unauzika hapa. Nikamuuliza kijana aliyesimama pale: jora bei gani, kima cha chini cha kuagiza kiasi gani, mnasafirisha mpaka Mombasa? Akanipa kijikaratasi chenye picha ya rais wao. Nikamwambia mwanangu, mimi sitaki picha, nataka namba ya kiwanda. Akaenda kuuliza ndani, akarudi na kijikaratasi kingine.

Wachina wanaelewa. Ukienda maonyesho yao ya biashara kule Guangzhou, aliyesimama mbele ya bidhaa ndiye mwenye bei, ana kikokotoo mkononi, na kabla hujaondoka kadi yako ameibana kwenye daftari pamoja na sampuli uliyoishika. Tena Karani, usinijie na Mkomani. Shoo ya Mkomani watoto wanakwenda kwa mapembea na bisi, na ni sawa, nilikwenda mimi na wanangu wamekwenda. Lakini mnunuzi wa jumla toka Muscat hapandi ndege kuja kutazama ng'ombe wa maonyesho. Riyadh atakuwepo.

Basi tupelekeni sisi. Meza moja. Leso, viungo, na mchonga milango wa Mji wa Kale akiwa anachonga kwelikweli na bei imeandikwa. Hakuna banda, hakuna ujumbe, hakuna mtu wa kukaa hoteli kwa jina la kusimamia.

Kijana wa Likoni

Mama, naunga mkono. Mlango wa kuchongwa peke yake, kama Oman na ubani wao. Mgeni aukute mti mzito uko upande mmoja, mlango uliokamilika upande wa pili, na fundi katikati na patasi yake. Huyo wa kugonga muhuri atalazimika kusimama.

Binti wa Kuze

Na fundi asivalishwe nyasi.

Mwalimu, Kizingo

Meza moja bila bendera sitatia sahihi.

Mama Leso, Biashara Street

Bendera nitakushonea mwenyewe, Mwalimu, kitambaa ninacho. Sasa nani anaandika barua kaunti? Ila msimtie Karani kwenye kamati, atatudai risiti hata ya maji ya kunywa.

Karani Mstaafu, Tudor

Ya maji ndiyo nitaanza nayo. Na bado sijasema ndiyo. Leta kwanza gharama ya kusafirisha huo mlango, kilo ngapi na kwa meli ipi, halafu tuongee.