Madalali mnaotuambia "utazoea": mtu mrefu hazoei kigari, anaumia

Wakuu, nimeingia nyumbani saa tatu usiku natokea Posta, hapa Dar es Salaam. Goti la kulia limevimba, shingo haigeuki. Usingizi umegoma, nimeona niandike tu.

Nina futi 6 na inchi 4. Miezi saba iliyopita nilinunua kigari cha cc 1300 cha kunipeleka Posta na kunirudisha Tegeta, kwa sababu mshahara ni ule ule na mafuta hayana huruma. Jina la gari sitalitaja, maana gari yenyewe haina kosa. Mke wangu ana futi 5 na inchi 3, akikaa humo ni kama nguo aliyopimiwa na fundi. Mwenye kosa ni dalali aliyeniuzia, pamoja na wenzake wote wenye mdomo kama wake.

Siku ile yadi nilimwambia wazi, "Kaka, magoti yanagusa." Akapiga bodi kwa kiganja akasema, "Braza, hii ndani ni kubwa. Ona paa lilivyo mbali na kichwa. Utazoea." Nikazunguka nayo dakika tano, nikalipa.

Hapo kwenye paa ndipo tunapopigwa. Mrefu akiingia kwenye gari anapima kichwa kwanza, kikipita anashukuru Mungu. Lakini hizi gari ndogo za Kijapani kwa kichwa hazina shida sana. IST ya kwanza, ile iliyotoka 2002, ina sentimita 153 kwenda juu. Passo ya 2004 ni hapo hapo, Fit ya 2001 ni 152 na nusu, Vitz ya 1999 ni 150. Mateso yako kati ya kiti, usukani na pedeli, na hapo dalali hakuoneshi. Usukani wa hizi za zamani kama IST na Vitz unapanda na kushuka tu, hauvutiki kuja kwako. Ukirudisha kiti nyuma ili miguu ipumue, usukani unabaki kule kule, unaendesha mikono imenyooka kama mtu anayesukuma mkokoteni. Ukisogea mbele uupate usukani, magoti yanapanda mpaka kwenye suichi.

Mimi nimechagua magoti yaumie. Funguo zinaning'inia pale pale goti lilipo, kila nikitoka kwenye breki kwenda kwenye mafuta zinanikwaruza. Suruali mbili zimetoboka sehemu moja. Halafu goti halina pa kwenda zaidi ya kuegemea mlango, na mlangoni kuna swichi za vioo. Wiki iliyopita foleni ya Mwenge, mvua inapiga, nimekanyaga breki, goti likabonyeza swichi na kioo cha upande wangu kikashuka chote. Nililowa hadi kiunoni na nyaraka za ofisini kwenye siti zikaharibika. Nikifika taa za makutano ya Morocco nikiwa wa kwanza kwenye mstari, taa sizioni. Ukingo wa juu wa kioo cha mbele unazikata. Nainama mpaka kidevu kinakaribia usukani, la sivyo nasubiri wa nyuma wapige honi ndiyo nijue zimewaka kijani.

Sasa kinachonitia hasira zaidi ni watu kuona haya ni mambo ya kudeka. Kile kimto cha kuegemea kichwa, hata nikikipandisha mpaka mwisho, kinaishia shingoni. Kazi yake ni kuzuia kichwa kisirushwe nyuma ukigongwa, kwa hiyo mimi nikigongwa hicho kimto hakina msaada. Nikilaza kiti ili kichwa kishuke, mkanda unaliacha bega na kukaa hewani. Na goti lililokwisha kugusa dashibodi kabla ya ajali, mkigongana uso kwa uso, nguvu yote inapitia kwenye paja hadi nyonga. Watu wanachomoka nyonga kwa njia hiyo, muulizeni daktari yeyote wa mifupa. Ukilisema hili kijiweni unajibiwa "nunua Prado". Prado ya cc 2700 inalipiwa ushuru wa bidhaa asilimia 10, hizi ndogo za cc 1000 hadi 2000 ni asilimia 5, na hapo hujafika sheli. Ningekuwa na hela ya Prado ningekuwa napigizana na dalali kelele za bei ya bebi-woka, yaani vigari hivi vidogo?

Nilienda kwa mafundi pia. Wa kwanza akataka kupunguza sponji ya kiti. Nikamruhusu. Kichwa kilishuka kidogo lakini mapaja sasa yananing'inia, mgongo umeongezeka kwenye orodha ya maumivu. Wa pili akataka kukata reli za kiti na kuchomelea vipande virudi nyuma. Huyo nilimkatalia. Ile bolti ya kiti ndiyo inayokushika gari ikigonga, na kwenye gari nyingi hata kishikio cha mkanda kimefungwa kwenye kiti hicho hicho. Siwezi kukabidhi uhai wangu kwa vipande vya chuma vya kuchomelea pembeni ya barabara.

Jumamosi mbili zilizopita nimezunguka yadi, kila gari nakaa nusu saa nzima, viatu vya kazini mguuni, dalali anune asinune. Fit inasifiwa nafasi, na kwa mizigo na abiria wa nyuma ni kweli kabisa. Lakini tangi la mafuta waliliweka chini ya viti vya mbele, ndiyo maana nyuma kumekuwa kukubwa, na ile niliyokaa kiti cha dereva kilikataa kushuka nilivyotaka. Demio ya 2007 walilishusha paa hadi sentimita 147 na nusu, nilitoka kabla dalali hajamaliza maelezo. Wagon R kichwa kinaelea, ila ni gari ya daraja la kei, yaani vigari vidogo kabisa vya Japani, upana hauvuki sentimita 148 kwa sheria ya Japani, na mtu mrefu ana magoti ya kutanua pia. Passo yenye kiti cha mbele cha benchi na gia ya kwenye usukani ilinishangaza, maana mguu wa kushoto hauna kinachouzuia. Wa kulia ukabaki na shida yake.

Porte ndiyo nimeshuka bila kujikunja. Ina sentimita 172 kwenda juu, kioo cha mbele ni kirefu, unakaa wima kama kwenye kiti cha mezani na miguu inaenda chini badala ya kwenda mbele. Wengi hapa wanaicheka kwa ule mlango wa kushoto wa kuteleza kwa umeme. Wacheke. Raum ya 2003 nayo inakaribia, lakini niliyoipata ilikuwa imechoka.

Nimerudi kwa dalali wangu nimuuzie kigari chake. Kanitajia bei iliyopungua milioni mbili na laki nane kwenye ile aliyoniuzia yeye mwenyewe, gari haijaguswa hata rangi. Nikamkumbusha maneno yake ya siku ile. Akasema, "Sasa mzee, urefu wako mimi ningefanyaje?"

Ungeniacha nikae, kaka. Ungeniacha nikae nusu saa, nione mwenyewe, usinipigie bodi kiganja huku unanielekeza paa.

Wenye futi 6 na inchi 2 kwenda juu mnaoendesha Porte kila siku kwenye foleni: goti la kulia likoje baada ya saa mbili? Na ule mlango wa umeme ukifa, unatengenezwa wapi na kwa shilingi ngapi? Nataka kujua kabla ya mwisho wa mwezi.