Vigae vya mpira kutoka tairi chakavu: niyeyushe au nisage?

MtuWaTemeke: Wakuu, heshima kwenu. Nina tairi chakavu za malori, nataka kutoa vigae vya uwanja wa watoto, sm 50 kwa 50, unene sm 2.5. Naweza kuyeyusha kwenye pipa nikamimina kwenye moldi? Na gundi iwe kiasi gani?

ChumaChakavu: Kuyeyusha sahau, mkuu. Mpira wa tairi umeshapikwa na salfa, hauyeyuki kama plastiki. Utaungua tu na kukufukiza moshi wa sumu. Unasagwa. Toa kwanza ukingo wenye waya nene, saga hadi chenga za milimita 1 hadi 4, kisha pitisha sumaku mara mbili. Chini ya kashata, yaani ule mpira wenye meno unaogusa barabara, kuna mikanda ya chuma, na kijiwaya kimoja kikibaki kitamchoma mtoto goti.

Jembe_la_Moldi: Kigae chako ni lita 6.25. Ukilenga kilo 0.9 kwa lita, unapata kama kilo 5.6: chenga kilo 5.2, gundi ya poliyurethani gramu 420, yaani 8% ya chenga. Tumia mizani, kopo litakudanganya. Changanya mpaka kila chenga ing'ae. Paka moldi silikoni, shindilia pembe kwanza maana ndiko vinakoanza kumeguka, halafu bana kwa jeki. Kama huna presi ya joto, kiache kimebanwa mpaka kesho yake.

BibiKarakana: Mmesahau unyevu. Gundi hiyo hukauka kwa maji ya hewani. Chenga zikiwa mbichi inatoa gesi, kigae kinaumuka kama andazi. Anika juani juu ya turubai. Kopo ukilifungua lifunge papo hapo, kwa hewa ya Dar litafanya ngozi juu. Glavu na miwani lazima, fanyia kazi penye hewa. Gundi hiyo ina kemikali ya isosianeti, inaharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu.

ChumaChakavu: Na usikimbilie kununua mashine. Pita karakana zinazovisha tairi kashata mpya, omba yale makwangu ya mpira. Hayana waya, unachekecha tu.

MtuWaTemeke: Shukrani wakuu. Ule unga wa chini ya chekeche nao niuchanganye?

Jembe_la_Moldi: Kidogo sana. Unga unakunywa gundi, ukizidi kigae kinapukutika hata kama vipimo vilikuwa sawa. Ukitaka kuutumia wote, ongeza gundi, na hapo piga hesabu ya bei upya.