Mbunge wa upinzani akitaja bei bungeni, mie wa Ngamiani napata nini?

Mama Chapati, Ngamiani

Asalaam alaykum wenzangu. Mie napika chapati na maharage hapa Ngamiani, Tanga, wateja wangu mafundi baiskeli, bodaboda na wanafunzi wanaopita. Juzi asubuhi kijana mmoja kaja na simu yake, katuwekea video ya mbunge wa upinzani kasimama Dodoma, anasema habari za unga wa ngano, mafuta ya kupikia, nauli, mpaka taulo za kike za wanafunzi. Nilipomsikia anataja mafuta ya kupimiwa kwa kikombe nikajua huyu sokoni kafika, hakuandikiwa na mtu.

Basi benchi likachafuka. Fundi mmoja akasema huyo anatafuta kura tu, bei haishuki kwa mdomo. Mwingine akasema wapinzani wenyewe siku hizi wa kuhesabu, wakimaliza kupiga kelele wenzao wanaitikia ndiyoooo, mambo yamekwisha. Kuna mzee alikuwa anakunywa chai yake kimya, naye akatoa moja: "Tanga Mjini hapa tulikuwa na mbunge wa upinzani, wa CUF, 2015 mpaka 2020. Sukari mbona nilinunua bei ileile ya shemeji yangu wa Muheza, na kule mbunge alikuwa CCM?" Watu wakacheka, na mie nikacheka, lakini swali likanibaki.

Nauliza kwa wanaojua. Mbunge wa upinzani akishasema, kuna mtu anaandika? Kuna mtu analazimika kujibu? Au wakigonga meza ndiyo basi? Chapati yangu ilikuwa 300, sasa 500 na umbo nimelipunguza, na wateja si vipofu. Naomba msinijibu kwa chama. Kanga za uchaguzi ninazo za rangi zote, nafutia meza.

Boda wa Kange

Mama yangu, hamna kitu hapo. Petroli ninayoweka haipangwi na mbunge, inapangwa na EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji. Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei kikomo, ile ambayo kituo hakiruhusiwi kuizidi, unaamka unaikuta kituoni. Na kinachoniuma zaidi, meli inashusha mafuta hapahapa Tanga, lakini ukisoma lile tangazo mara nyingi bei ya Tanga iko juu kidogo kuliko ya Dar. Katika hao wote wanaolia maisha magumu, nani kauliza hilo? Maisha magumu hata mie naweza kusema, tena bila posho.

Karani Mstaafu, Chumbageni

Waalaykum salaam Mama Chapati. Mie nilikuwa karani wa halmashauri mpaka nikastaafu, si hapa Tanga mjini. Nakujibu kwa nilichokuwa nakifanya kwa mikono yangu.

Ndiyo, kuna anayeandika na kuna anayelazimika kujibu. Mbunge akipeleka swali la msingi, wizara haiwezi kujibu kutoka hewani. Barua inashuka mkoani, inashuka halmashauri, na ikifika siku hiyo hakuna anayetoka ofisini saa tisa. Mkurugenzi anaita wakuu wa idara, mafaili yanapekuliwa, kila mtu anamtafuta aliyeandika taarifa ya mwaka juzi. Kuna zahanati ilikuwa imesimama kwenye linta, sisi wote tunaijua, tunaipita na gari la ofisi. Swali lilipokuja tukaanza kuulizana fedha yake ilikwenda wapi. Ikaezekwa. Aliyeuliza hakuwa hata mbunge wa jimbo lile.

Wabunge wanazo njia kadhaa. Swali la msingi linajibiwa na waziri au naibu wake, kisha muulizaji anaruhusiwa maswali ya nyongeza, na hapo ndipo mjanja anapombana waziri maana jibu la nyongeza halikuandaliwa vizuri. Alhamisi kuna maswali kwa Waziri Mkuu. Halafu kwenye bajeti ya kila wizara kuna kitu kinaitwa kushika shilingi: mbunge anasema anaondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Shilingi moja, lakini waziri anasimama. Muda ukiisha inakuja gilotini, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, na wengi wenye hoja wanabaki wameshika makaratasi yao.

Sasa usichokijua, na wengi kwenye benchi lako hawakijui. Katiba, Ibara ya 99, inasema Bunge halishughulikii jambo la kutoza kodi au kuibadilisha, wala la kutoa fedha za serikali, ila Rais awe amependekeza na pendekezo lake liletwe na waziri. Kwa hiyo mbunge, wa upinzani au wa CCM, hawezi kuamka na muswada wake wa kukushushia kodi ya mafuta. Anaweza kushawishi, kubana, kuaibisha. Zaidi ya hapo, kalamu iko kwa serikali. Tena bajeti kuu ikikataliwa, Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge. Siku ya kuipigia kura bajeti hiyo kila mbunge huitwa kwa jina lake, ndiyo au hapana. Mwenye mkopo wa gari atasema hapana?

Mwalimu wa Dunda, Bagamoyo

Shikamoo Mzee Karani. Dada Mama Chapati, umetaja taulo za kike, acha niseme hilo maana nimelifuatilia kama mwalimu wa kike na kama mama.

Madarasani kwetu ukiona binti hayupo siku tatu nne kila mwezi huhitaji kuuliza. Tulikuwa tunachanga walimu wenyewe, pakiti inakaa kwenye droo ya ofisi. Upande wa bungeni, Upendo Peneza, mbunge wa viti maalumu wa Chadema, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hili, na wanawake wa vyama vyote wakalibeba. Wapo wanaume waliocheka mwanzoni, kama kawaida yao. Bajeti ya Juni 2018 serikali ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18, kwenye taulo za kike. Tukashangilia stafu rumu.

Mwaka mmoja tu. Juni 2019 Waziri wa Fedha, wakati ule Dkt. Mpango, akairudisha. Sababu aliyotoa ni kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei, kwa hiyo nafuu haikuwafikia waliokusudiwa. Na kusema kweli sisi tulikuwa tunanunua bei ileile. Mimi nilikasirika na wote wawili, mwenye duka na serikali. Kama tatizo ni muuzaji, kwa nini dawa iwe kumrudishia kodi binti?

Kwa hiyo ukiniuliza kama sauti ya mbunge inafika, nasema ilifika. Kodi iliondoka kwenye karatasi. Kati ya karatasi na rafu ya duka hapakuwa na mtu.

Mama Chapati, Ngamiani

Mwalimu, umenichoma. Mie nina mabinti wawili, wote walikuwa wanasoma mwaka huo, na wallahi sikujua kabisa kwamba kodi iliondolewa. Ningejua ningemuuliza mwenye duka, "Wee, mbona bei haijashuka?" Na ningemuuliza kwa sauti, duka zima lisikie. Hakuna aliyetuambia. Yule mbunge kama alipita redioni kutuambia, mie nilikuwa jikoni.

Mzee Karani shikamoo, ahsante kwa shilingi. Nilikuwa nasikia "nashika shilingi" nikidhani wanataniana.

Boda wa Kange

Mzee, nakuheshimu, lakini 2021 umeisahau. Tozo ya miamala, ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, ilianza Julai, kutoka shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala. Bungeni wakati huo upinzani ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Nani akapiga kelele? Sisi, vibandani na mitandaoni. Septemba wakapunguza asilimia 30. Hapo mbunge wa upinzani kafanya nini?

Karani Mstaafu, Chumbageni

Sijaisahau, kijana wangu, na una haki yako. Hata ile ya 2013, kodi ya laini ya simu, shilingi 1,000 kila mwezi kwa kila laini, siwezi kusema waliizima wapinzani peke yao. Bunge liliipitisha. Zitto Kabwe na wenzake wakaipinga, makampuni ya simu yakapinga, wananchi wakapinga, Rais Kikwete akaagiza wakae watafute njia nyingine, ikafutwa.

Ila nikuulize na wewe. 2021 tozo ilipita kwenye Bunge ambalo halikuwa hata na Kambi Rasmi ya Upinzani, maana kambi inahitaji asilimia 12.5 ya wabunge wote. Kambi ikiwepo kuna waziri kivuli wa fedha, anasoma hotuba yake yenye hesabu mbadala, na inaingia kwenye kumbukumbu. Mwaka ule wananchi walikuja kuijua tozo walipokatwa. Ukishakatwa unapunguziwa. Ukiambiwa mapema labda hukatwi kabisa. Labda, sisemi hakika.

Na nyie wapinzani mnaosoma hapa, maana najua mmo: hotuba zenu nyingine ni za mkutano wa hadhara pale Tangamano, si za Bunge. "Wananchi wanateseka" waziri anaijibu kwa "serikali sikivu inalifanyia kazi", mkakaa wote. Mtu akiuliza shilingi ngapi, tangu lini, kwa sababu gani, waziri lazima ataje kitu, na alichokitaja kinabaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa Kiswahili, kwenye tovuti ya Bunge, mtu yeyote anaweza kukisoma.

Mama Chapati, Ngamiani

Haya, basi mie nimeandika swali. Kijana wa video anasema anaweza kumfikishia mbunge yule yule kupitia mtu wa chama chake, na jingine kwa mbunge wetu wa hapa, sitaki kubagua. Nimechukua la Boda. Mzee lisahihishe:

"Mheshimiwa, sisi wananchi wanyonge wa Tanga maisha yametushinda, kila kitu kimepanda, mafuta yamepanda, tunaomba serikali yetu sikivu ituonee huruma, na kwa nini petroli inayoshushwa bandari ya Tanga inauzwa Tanga ghali kuliko Dar es Salaam?"

Karani Mstaafu, Chumbageni

Mama, swali lako lipo kwenye mstari wa mwisho. Hayo ya juu ya kumfurahisha waziri ya nini? Gharama za kuagiza mafuta zinahesabiwa kwa kila bandari, Dar, Tanga na Mtwara, kwa hiyo jibu atakalokuja nalo litakuwa "gharama za uagizaji zinatofautiana". Umzibie njia hapo mapema. Peleka hivi:

"Katika bei kikomo za petroli za miezi 12 iliyopita, ni miezi mingapi bei ya Tanga ilikuwa juu ya Dar es Salaam, ni gharama ipi hasa iliyosababisha tofauti hiyo kwa kila lita, na serikali itaiondoa lini?"

Nyongeza mwachie mbunge mwenyewe.

Boda wa Kange

Swali langu hilo, mbona jina langu halipo?

Mama Chapati, Ngamiani

Unataka jina kwenye Hansard na kwenye daftari langu la madeni bado umo. Njoo kwanza tumalizane.