Tupeane uzoefu: nani amefufua kompyuta ya dukani kwa mikono yake?

Mama Steshenari
Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari hapa Morogoro, jirani na chuo. Mashine yetu ni Dell OptiPlex 3020 ya mtumba: prosesa ya Intel i5 kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, hard disk GB 500. Asubuhi naiwasha, nafagia, nabandika chai, ndiyo inafunguka. Mwanafunzi akileta flashi yenye ripoti ya kurasa mia na ushee, foleni inafika barazani. Fundi kanishauri ninunue mpya, lakini mfuko wangu naujua. Mliowahi kujiboreshea wenyewe, mlianzia wapi?

Kijana wa Likoni
Dada, usinunue kitu kabla hujajua kinachokukaba. Mashine ikiwa imeelemewa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha utazame asilimia za prosesa, RAM na diski kwenye safu za juu. Saibani kwetu diski ilikuwa inakaa asilimia 100 hata mteja akifungua tovuti ya kodi tu, huku prosesa haifiki 20. Hapo ukiongeza RAM peke yake nafuu utaipata, lakini mgonjwa mwenyewe ni diski. Tuliweka SSD (diski ya chipu) ya GB 240, ile bapa ya inchi 2.5 inayotumia waya wa SATA kama diski ya kawaida. Wateja walidhani tumenunua mashine mpya, na mmoja akauliza kama bei ya kuchapa nayo imepanda.

Fundi Bila Duka
Likoni kasema kweli. Hard disk ina sahani inayozunguka na sindano inayotafuta, kwa hiyo mafaili madogo mengi yanaitesa. SSD haina kinachozunguka.

Mama, kwa hiyo 3020 yako zingatia haya. RAM yake ni DDR3 ndefu, ya kompyuta ya mezani. DDR4 haiingii, mkato wa chini uko mahali tofauti, ukiona inagoma usiikandamize. Nafasi ni mbili tu, mwisho GB 16. Kwa steshenari 8 zinatosha. Windows ikiwa ya biti 32, hata uongeze vipi haitavuka GB 4, kwa hiyo piga (sakinisha) ya biti 64. Na pawa saplai ikifa, usikurupukie yoyote ya Kariakoo: kwenye mazabodi (bodi kuu) hiyo plagi kuu ina pini 8, wakati za kawaida zina 24.

Binti Tanga
Yangu ilikuwa ya ajabu. Duka la dawa, kompyuta ikizimwa usiku, asubuhi inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Tovuti zote zinakataa, zinadai cheti si halali, baba akawa anailaumu intaneti. Kumbe betri ya saa, CR2032, kile kidude cha duara kama cha rimoti za magari. Ya bei rahisi kuliko sahani ya chipsi! Ila baada ya kuibadilisha Windows ikagoma kuwaka, skrini ya bluu mtindo mmoja. Mpaka leo sijaelewa kwa nini, kaka yangu alibonyezabonyeza kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) ikakubali.

Fundi Bila Duka
@Binti Tanga betri ikifa BIOS inasahau mipangilio na kurudi ya kiwandani. Dell nyingi kiwandani huwekwa RAID, njia mojawapo ya kuongea na diski. Windows yenu bila shaka ilipigwa kwenye njia nyingine, AHCI. Kaka yako alirudisha AHCI, basi. Kabla ya kuchomoa betri, pigeni picha kurasa za BIOS kwa simu.

Mhasibu wa Mwanza
Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Kizazi cha nne hakimo. Steshenari inapokea vitambulisho vya watu, vyeti, mikataba. SSD itakupa mwendo, haitakupa kinga. Kama unanunua, nunua SSD ambayo utaihamishia kwenye mashine ijayo, na RAM ya DDR3 tafuta ya mtumba, kwa sababu hiyo haina pa kuhamia.

Mpemba Mtulivu
Ndiyo maana mimi nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kwenye ya ofisini. Nyepesi, na masasisho yaja kama kawaida. Lakini nisikufiche bibie: kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher ya Microsoft zikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, mpangilio waruka, na printa ya zamani ilinipa tabu. Uijaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu, uchapishe ukurasa mmoja, ndipo uamue.

Mama Steshenari
Ahsanteni sana. Nimetazama: diski 100, RAM nayo imejaa. Mhasibu umenigusa, vitambulisho vya watu vimejaa humo na sijui hata kwa nini nimevitunza. Naanza na SSD ya 240 na kijiti kimoja cha RAM cha 4. Swali: naweza kunakili kila kitu kutoka diski ya zamani kama kilivyo?

Fundi Bila Duka
Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, ni ya bure, lakini kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, na wewe unatoka 500 kwenda 240. Heri kupiga upya. Chomoa diski ya zamani uiweke kando, funga SSD, piga mfumo, kisha rudisha ya zamani kwenye waya wa pili na uchukue mafaili unayoyataka tu. Vitambulisho viache huko, halafu uifute diski nzima.

Na ukiwa umeifungua kava, chukua brashi utoe vumbi la feni, ila zuia mapanga yasizunguke. Umeme uwe umechomolewa ukutani, si kuzimwa swichi tu.

Kijana wa Likoni
Na ufanye Jumapili, dada. Usifungue kava siku ya kukusanya ripoti chuoni.