Nimezimiwa maiki nikiwa kwenye "Li—"! Yule mjuaji wa Sanda safari hii kanikosea

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka uzi umenikatikia mara tatu kwenye cherehani tangu asubuhi.

Jana usiku kwenye mjadala wa sauti kuhusu Sanda ya Torino (kile kitambaa cha kule Italia wanachosema ndicho alichozikiwa Yesu), yule mnayemjua (yule wa "kwa mujibu wa tafiti zangu", simtaji) kaongea saa moja na dakika arobaini bila kumeza mate. Kaitoa Sanda kaburini Yerusalemu, kaipeleka Edessa, kaipandisha Konstantinopoli mwaka 944, kaipora yeye na wapiganaji wa Msalaba mwaka 1204, halafu kaificha kwa Watempla, wale watawa wapiganaji, zaidi ya miaka mia kama mtu anayeficha simu ya mchepuko. Ushahidi? Jina! Eti Mtempla aliyechomwa moto Paris mwaka 1314 aliitwa Geoffroi de Charney, na mwenye Sanda wa kwanza Ufaransa aliitwa Geoffroi de Charny. Basi, ukoo mmoja. Kwa mtindo huo mimi na kila Mwajuma wa nchi hii tumenyonya ziwa moja.

Nikaomba nafasi, nikapewa. Nikasema kwa adabu zote: "Kaka samahani, mimi ni fundi cherehani, miaka 19 nashika vitambaa. Ninavyojua, kitambaa hiki kinaanza kuonekana kwa uhakika pale Li—"

KIMYA. Kanizimia maiki. Kwenye "Li"! Halafu mbele ya kadamnasi: "Mama, suala la kitambaa tuachie wanahistoria, wewe subiri mada ya vitenge."

Vitenge! Kitu chenyewe ni kitani, mita 4.4 kwa 1.1, kimefumwa mshazari kama mifupa ya samaki, na pembeni kina ukanda ulioungwa kwa mshono mmoja mrefu. Nani wa kuulizwa hapo? Fundi, au mtu ambaye kifungo cha shati kikidondoka anavaa koti juu?

LIREY. Nilikuwa nasema Lirey. Kijiji cha Ufaransa alikojenga kanisa huyo Geoffroi, kabla hajafia vitani Poitiers mwaka 1356. Mwaka 1389 askofu wa Troyes, Pierre d'Arcis, akaandika malalamiko kwa Klementi VII, papa wa upande wa Avignon, kwamba askofu aliyemtangulia alishachunguza na mchoraji akapatikana, akakiri. Yule askofu alikuwa na povu kuliko mimi. Lakini angalau alimaliza sentensi yake!

Saa nane usiku sijalala. Nikifumba macho nasikia "Li—".

Chapati Mbili: Li nini sasa? Limao? Limbwata?

Mzee wa Kahawa: Dada pole, ila askofu wako naye alizimiwa maiki. Klementi alimwamuru anyamaze milele kuhusu Sanda, na wenye nayo wakaruhusiwa kuionyesha mradi waseme ni mfano tu. Na mjane wa Geoffroi, Jeanne de Vergy, alishaolewa tena kwenye ukoo wa Geneva. Klementi ukoo wake? Geneva. Kesi ya nyani hiyo, kapewa ngedere.

Mleta uzi: Kwa hiyo hata wewe unamtetea aliyenizimia?

Mkereketwa: Mimi niko na jamaa. Mnashangilia vipimo vya kaboni vya 1988 vilivyosema kitani ni cha kati ya 1260 na 1390, lakini kipande kilikatwa pembeni, penye kiraka kilichofumwa kisionekane.

Mleta uzi: Kiraka unaniambia mimi? Viraka vya masista wa Chambéry vya 1534, baada ya Sanda kuunguzwa na moto, hata aliye barabarani angeviona. Vilipoondolewa 2002, mtaalamu wa nguo aliyeshika kazi, Mechthild Flury-Lemberg, alikataa habari za kiraka cha siri. Mwanamke. Fundi. Na hakuna aliyemwambia asubiri vitenge.

Kidume cha Mbegu: Leonardo da Vinci ndiye aliichora, tafuteni.

Chapati Mbili: Leonardo kazaliwa 1452, Sanda iko Lirey miaka ya 1350. Alichora akiwa kwenye kiuno cha babu yake?

Gauni la Sendofu: Samahani kutoka nje ya mada. Cherehani, miaka 19, hasira za usiku wa manane. Wewe siyo fundi aliyechukua kitenge changu Februari akasema "njoo Jumamosi"?

Mleta uzi: Mafundi tuko wengi.

Gauni la Sendofu: NI YEYE. Hilo jibu nalijua.

Mzee wa Kahawa: Hahaha, tumempata Margaret! Mjukuu wa Geoffroi huyo. Mwaka 1418 yeye na mumewe walichukua Sanda kwa makanoni, mapadri wa kanisa la Lirey, eti waitunze mpaka vita iishe, na risiti wakaandika. Vita ikaisha, mama akawa anazunguka nayo. Mwaka 1453 ikaishia kwa watawala wa Savoy. Makanoni walishtaki mpaka akatengwa na Kanisa, kitambaa hawakukiona tena.

Gauni la Sendofu: Mimi hata risiti sina.

Sare ya Kwaya: Sisi Pasaka sauti ya kwanza tumevaa mikono mirefu, sauti ya tatu mikono mifupi, na mwalimu wa kwaya suruali ilifika kwenye ugoko. Hatusemi ni fundi gani.

Kidume cha Mbegu: Mna afadhali. Wangu wa sofa kahama mtaa na mbao.

Mleta uzi: Jamani, mada ni maiki! Nilizimiwa kwenye "Li"!

Sare ya Kwaya: Mada ni suruali ya mwalimu.

Mkereketwa: Kuna mtu ana namba ya fundi wa sofa mwaminifu?

Mleta uzi: Gauni, njoo Jumamosi.

Gauni la Sendofu: Jumamosi ipi?