Sato wangu wanajisugua na kufa, naomba jina la dawa

Sato wa Misungwi: Wakuu, habari za jioni. Nina bwawa la udongo huku Misungwi, sato wameshafikia saizi ya sahani. Tangu wiki iliyopita wanajisugua kwenye kingo, alfajiri wanapanda juu kuhema, na wengine naokota wameshakufa. Ngozi imeshika ute wa kijivu. Hata viluwiluwi vya pembeni vinakufa. Naomba jina la dawa na kipimo chake. Msiniambie nikatafute mtaalamu, muda hauniruhusu.

Udaga Mtamu: Dawa ni mafuta ya moto, ndimu na ugali wa udaga. Saizi ya sahani halafu bado unauliza?

Mzee wa Kokoro: Pole ng'wanawane. Mimi nilikuwa na vizimba upande wa Luchelele. Usiku mmoja upepo ukavuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Kulipokucha nakuta kizimba kizima kinaelea, matumbo juu. Watu wakasema nimerogwa. Siku hizi nauza dagaa Mwaloni, usingizi naupata.

Binti Nyegezi: Mzee, yako ilikuwa hewa, na ilimaliza wote usiku mmoja. Huyu wanakufa kidogo kidogo na wanajikuna. Mleta mada, kwenye ngozi kuna vidoto vyeupe ukubwa wa punje ya chumvi, au ni utando tu? Pia sema bwawani umeweka nini.

Sato wa Misungwi: Utando tu. Mbolea ya kuku nilikuwa naweka ili maji yawe kijani. Dawa ipi sasa?

Binti Nyegezi: Vingekuwa vidoto ningesema ni yule wa madoa meupe. Huyo hujichimbia chini ya ngozi, akishiba anadondoka, anajivika ganda kule chini na kujigawa watoto kwa mamia. Akiwa ndani ya ngozi dawa haimpati, inawapata watoto wakiwa wanaogelea, ndiyo maana watu hutibu mara moja wakadhani wamemaliza.

Wako nahisi ni trikodina. Chuoni tulikwangua ute wa sato, tukauweka kwenye kioo na tone la maji. Chini ya hadubini unaona viduara bapa vinazunguka mbio mbio, kila kimoja kina pete ya vijimeno katikati. Seli moja tu hiyo, inajigawa mara mbili, basi, haihitaji mayai wala konokono. Chakula chake hasa ni bakteria, kwa hiyo mbolea yako imempa shibe. Samaki wakibanana anajaa hadi kwenye mashavu, hapo ndipo wanapohema. Viluwiluwi anavipanda vilevile.

Ila hujajibu yote. Umeshamwaga nini?

Sato wa Misungwi: Dada, si nimesema mbolea?

Binti Nyegezi: Dawa.

Sato wa Misungwi: Sawa. Juzi nilimwaga fomalini. Shemeji anaipata kazini kwake. Wenzetu nje wanaitumia kwa samaki, nimesoma. Halafu kuna mtu ameshatanguliza hela, ana harusi Jumamosi, na hela yenyewe nimelipia ada. Kuvua nitavua, shida yangu wasiishe kabla.

Udaga Mtamu: Nachukua ndimu yangu naondoka. Samaki wa mochwari sili.

Mama Kuku Buzuruga: Yaani unataka kulisha watu wazima na watoto dawa ya maiti ili ulipe ada! Huyo mtoto unamsomesha awe nani?

Sato wa Misungwi: Mama, hujui nilivyohangaika. Fomalini si inaruka ikipata moto? Na huko sokoni mnajua mnachokula?

Binti Nyegezi: Mdudu mwenyewe hamwingii mtu, usimwogope. Ninayeogopa ni wewe. Wanaoitumia wanapima bwawa lina maji kiasi gani, wanapima dawa, na wanangoja kabla ya kuvua. Wewe umepima kwa nini, kwa ndoo? Tena fomalini inapunguza oksijeni majini, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Inawezekana wanaokufa tangu juzi umewaua kwa dawa. Acha mbolea, acha kulisha, toa maji ya chini uingize mapya. Wachache unaotaka kuwaokoa waogeshe kwenye beseni: chumvi gramu 10 kwa lita moja, kama nusu saa, anayelala ubavu mtoe hapo hapo. Mwenye harusi mrudishie hela.

Shahidi wa Pili: Hii chai, tena haijaungwa. Akaunti ya jana. Bwawa la sato wakubwa lina viluwiluwi? Sato angeviacha? Ngojeni, sasa hivi atatokea mtu wa kuuza dawa na namba ya simu.

Mama Kuku Buzuruga: Na mimi nimeshapandisha presha bure!

Binti Nyegezi: Viluwiluwi vya chura wa vipele vina ladha mbaya, samaki wengi wanavitema. Hilo halithibitishi uongo.

Shahidi wa Pili: Dada, wewe na yeye si mtu mmoja kweli?

Mwalimu Mstaafu: Mkigombana mjue hata mdudu wa malale jina lake lilianzia kwa chura. Gruby, mwaka 1843 kule Paris, aliona kijidudu kinajinyonganyonga kwenye damu ya chura akakiita Trypanosoma. Baadaye ndugu zake wakaja kumaliza watu upande wa Uganda wa ziwa letu hili.

Udaga Mtamu: Mwalimu, watu wanaulizia harusi.

Sato wa Misungwi: Anayesema chai aje Misungwi na buti. Simwuzii mtu dawa. Nimempigia mwenye harusi, nimemwambia samaki bado wadogo.

Mama Kuku Buzuruga: Wadogo! Si umwambie ukweli?

Sato wa Misungwi: Nikimwambia ukweli ataitaka hela leo.

Mvuvi Mpya Magu: Samahani wakuu, mimi nina kambale wana vidonda kichwani. Niulize hapa hapa au nifungue uzi wangu?

Shahidi wa Pili: Fungua wako. Na uanze na ulichomwaga.